Salamu Ambazo Waziri Hakuziandika

London,
Jumapili, 2 Machi 1941

Mpendwa Dada Hester,

Nimefanya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Sijamwambia Mama, wala Bi Ormerod mkuu wetu, wala msichana ninayelala naye chumba kimoja, ingawa yeye huniambia yake yote bila kuulizwa. Nimeandika salamu za waziri wa serikali ambazo yeye mwenyewe hakuziandika. Nimeziandika kwa kalamu yangu, juu ya barua yenye sahihi yake, na barua imekwenda.

Usicheke kwanza. Ngoja nieleze.

Siku ya kwanza nilitia sahihi karatasi ya kutunza siri, kwa hiyo sitakutajia majina wala jambo lililoandikwa. Nitatumia majina yao ya shuleni, niliyoyakuta kwenye faili moja ya zamani. Waziri wangu ni Bata. Yule mwenzake wa wizara nyingine ni Sungura. Bata ana kitu, Sungura anakihitaji, na Bata hataki kukitoa. Nikiongeza neno hapo nitakuwa nimevunja kiapo.

Sasa, barua ya waziri kwa waziri mwenzake ina utaratibu wake. Sisi wapiga taipu tunapiga yale ya katikati tu. Juu tunaacha nafasi na chini tunaacha nafasi. Waziri mwenyewe huchukua kalamu, akaandika kwa mkono wake "Fulani mpendwa" pale juu, na pale chini "Wako wa dhati" au namna yoyote apendayo, kisha sahihi. Nimemtazama Bata akifanya hivyo kwa majuma matatu. Huwaandikia salamu nzuri hata watu anaowasengenya kabla wino haujakauka.

Alhamisi alikuwa anaharakishwa kwenye mkutano wa mawaziri kule chini ya ardhi wanakokwepa mabomu. Alisimama mezani pangu, akatia sahihi barua ya Sungura, akasema, "Hiyo ipelekwe," akaondoka na koti lake begani. Bi Ormerod alikuwa amekwenda kunywa chai. Mzee Fenn, tarishi wetu, alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake jekundu, akihema kwa sababu ya ngazi. Nikaitazama barua. Juu peupe, chini peupe, sahihi peke yake imening'inia kama koti msumarini.

Nikadhani amesahau, Hester. Mtu mwenye vita kichwani anaweza kusahau.

Msichana mwingine angemkimbilia. Wewe ungemkimbilia. Lakini ule ujia ulikuwa umejaa mawaziri na majenerali, na mimi hata kumwambia mwenye duka kwamba amenipa soksi zisizofanana siwezi. Nikafanya alivyonifundisha Bi Ormerod: usipojua, fungua faili uone zamani walifanyaje. Nikafungua. Nyuma kabisa, mwaka 1934, nikakuta barua ya Sungura kwa Bata. Inaanza, "Bata mpendwa," na inamalizika, "Wako kama zamani, Sungura." Nikafurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Nikachukua kalamu, nikaandika juu, "Sungura mpendwa," na chini, juu ya sahihi, "Wako kama zamani." Nikampa Mzee Fenn, naye akaitia sandukuni na kwenda zake.

Ijumaa nilimwuliza Bi Ormerod, hivi hivi tu, kama mabwana wale wawili walisoma pamoja.

"Walikuwa hawaachani," akasema. "Mpaka Sungura aliposimama Bungeni akasema mwenzake anaongoza idara yake kama bata anavyopanda ngazi. Bunge zima lilicheka, na wote wakajua jina lake la shuleni siku hiyo. Miaka sita sasa. Tangu hapo, akimwandikia, haweki salamu. Pale juu anapaacha peupe makusudi. Ndilo tusi lake."

Chai ilinipanda puani.

Wakigundua, nitafukuzwa. Mama amekwisha kuwatangazia watu wote wa kanisani kwamba mwanawe yuko serikalini. Nitarudi kwa Mjomba kushona glavu, na kila atakayenunua glavu atauliza kwa nini nimerudi. Na kazi hii, Dada, naipenda. Sijawahi kupenda kitu namna hii. Nifanye nini? Niseme au ninyamaze?

Mdogo wako mwenye hofu,
Muriel


Shamba la Gwilliam, Herefordshire,
Jumatano, 5 Machi 1941

Mdogo wangu mghushi,

Nimecheka mpaka nikapiga teke ndoo. Wewe! Wewe uliyekuwa ukikigonga kiti unakiomba radhi! Nimekaa hapa na koleo la samadi mkononi, na mdogo wangu anaendesha serikali.

Nimemsomea Petronella barua yako yote. Usishtuke, Petronella ni ng'ombe. Alisikiliza vizuri sana mpaka pale pa ngazi, halafu akakojoa.

Shauri langu ni hili: nyamaza. Nawajua mabwana wa namna hiyo, maana hata huku wapo, ila hawana kofia nzuri. Bwana Gwilliam na jirani yake hawajasemezana tangu lile shindano la maboga, na kila mmoja yuko radhi ale kofia yake kuliko kumwendea mwenzake na kumwuliza, "Ulikuwa na maana gani?" Sungura ataisoma, atakuna kichwa, ataitia faili. Yatakwisha.

Sisi huku tuna mambo makubwa kuliko salamu. Malori ya maziwa hayaji. Lililokuwa likija lilichukuliwa na jeshi, lile la pili limekufa, na tunaambiwa mengine yapo, yamepangwa mahali fulani chini ya maturubai, yanangoja wakubwa wapatane. Leo ni siku ya sita. Tunakamua alfajiri, tunapanga madebe njiani, jioni tunayarudisha yamechacha. Bwana Gwilliam anawapa nguruwe. Nguruwe wamenenepa kama maaskofu. Na mjini, maili nane tu kutoka hapa, wapo watoto mia mbili walioletwa kutoka Birmingham kukimbia mabomu, wanakunywa unga wa maziwa uliokorogwa na maji vuguvugu. Jana Bwana Gwilliam alimwaga madebe manne mwenyewe, akayaosha, akayapanga tena njiani.

Basi ukimwona waziri yeyote ujiani mwako, mpige na faili kwa niaba yangu.

Kula. Usikonde kwa ajili ya bata.

Dada yako,
Hester


London,
Jumatatu, 10 Machi 1941

Dada Hester,

Hayakwisha.

Nilisoma barua yako mara tatu. Kuhusu ile sehemu ya pili, ya huko kwenu njiani, siruhusiwi kusema kitu. Tafadhali usiniulize. Ila tangu niisome nimekuwa nikiiona ile sahihi iliyoning'inia, na madebe, na sahihi, na madebe.

Jibu la Sungura lililetwa leo asubuhi. Lilikuwa nene. Mzee Fenn alilishika kwa mikono miwili. Bata alilifungua amesimama, akaketi, akawa mwekundu kuanzia kwenye kola mpaka kipara. Akainuka, akafunga mlango. Bata hafungi mlango, husema hewa ya humu ndani imeshatumika na watu wengine vya kutosha. Halafu tukasikia sauti. Ilikuwa kama mtu anayepenga kamasi bila kumaliza. Wasichana wote waliacha kupiga taipu.

"Ana mafua?" mmoja akanong'ona.

"Ana hasira," nikasema. Ni neno pekee nililosema tangu asubuhi.

Baada ya nusu saa alimwita Bi Ormerod. Mlango ulibaki wazi kidogo, nami niko karibu nao.

"Bi Ormerod, naomba nakala ya barua niliyompelekea yule bwana Alhamisi ya tarehe ishirini na saba Februari."

Bi Ormerod akampelekea. Nakala ni ya karatasi ya kaboni, ilitolewa wakati wa kupiga taipu, kwa hiyo pale juu peupe na pale chini peupe.

"Hivi ndivyo ilivyotoka hapa?"

"Hivi ndivyo ilivyotoka kwenye mashine, Mheshimiwa."

"Na aliyekuwa zamu saa ile ni nani?"

Nilihesabu herufi za mashine yangu, safu ya juu yote, na safu ya kati.

"Nitaulizia, Mheshimiwa," akasema Bi Ormerod.

Akatoka, akafunga mlango taratibu, akaja kusimama kando ya meza yangu. Alitazama kidole changu cha kati, ambacho huwa na wino tangu darasa la kwanza, kama ujuavyo. Alisema, "Tapscott, kanawe mikono." Akaenda zake kunywa chai ambayo haikuwa saa yake.

Kwa hiyo anajua. Na akiulizwa tena itabidi aseme, au aseme uongo kwa ajili yangu, na Bi Ormerod ana miaka ishirini na sita ya kazi bila uongo hata mmoja. Siwezi kumwachia mzigo huo.

Sikulaumu, Dada, lakini shauri lako sitalifuata. Kesho kuna kikao cha kamati ya mawaziri, na Bata na Sungura watakaa meza moja. Keshokutwa asubuhi nitaingia nimwambie mwenyewe. Nimeyaandika maneno yangu kwenye karatasi ili ulimi ukigoma nimsomee. Ni sentensi tatu. Ya tatu ni "Naomba radhi," na hiyo nadhani nitaiweza.

Kwenye ule ubao wa mbao kule chini ya ardhi, unaowaambia waliomo hali ya hewa ya huko juu, leo mtu ameweka "Upepo Mkali." Ndivyo wanavyoweka mabomu yakianguka, kwa utani wao. Hakuna bomu lolote leo. Nadhani mtu alisikia kwamba Bata amefunga mlango.

Nitandikie kitanda huko kwenu. Naweza kujifunza kukamua.

Muriel


Shamba la Gwilliam,
Alhamisi, 13 Machi 1941

Muriel, Muriel, Muriel!

Hii naiandika juu ya mgongo wa Petronella kwa hiyo usilaumu mwandiko.

YAMEKUJA. Leo asubuhi, malori manne! Manne, kwa njia ambayo hata mkokoteni mmoja hukwama! Tulisikia muungurumo, Bwana Gwilliam akadhani Wajerumani wametua, akatoka na uma wa nyasi na viatu vya ndani. La kwanza likasimama getini, dereva akatoa kichwa.

"Hapa ndipo penye maziwa?"

"Maziwa yalikuwapo tangu mwezi uliopita," akasema Bwana Gwilliam. "Ninyi ndio hamkuwapo."

"Babu, usinikaripie. Jana mchana nilikuwa nimelala chini ya turubai. Nimeambiwa amka, nenda Herefordshire, na usirudi mtupu. Hata chai sijamaliza."

"Nani kakwambia?"

"Sijui. Wanasema wakubwa wawili wamepatana. Wanasema walikuwa wanapelekeana vikaratasi mkutanoni kama watoto wa shule."

Muriel. Nilisimama na debe mikononi. Dereva akaniuliza kama naumwa.

Tumepakia mpaka mikono ikafa ganzi. Watoto wa Birmingham wamekunywa maziwa leo, wengine mpaka wakapata masharubu meupe. Kuna mmoja aliuliza kama ni kweli yanatoka kwa ng'ombe, akaambiwa ndiyo, akafikiri, akaomba mengine. Bwana Gwilliam amemwamkia yule jirani wa maboga. Hakujibiwa, lakini amemwamkia.

Sasa nisikilize. Bata ana kitu, Sungura anakihitaji. Nilikuwa mpumbavu kiasi gani? Sikuulizi. Umeniambia nisikuulize. Nakuuliza jambo moja tu: uko salama? Jana ndiyo ilikuwa siku yako ya kuingia kwake, na leo sina habari yako. Kitanda nimekitandika. Lakini natumaini hutakihitaji, na ni mara ya kwanza kumwombea mtu asije kunitembelea.

Andika haraka.

Hester


London,
Jumapili, 16 Machi 1941

Dada yangu Hester,

Kuhusu malori sijui lolote, na sina maoni yoyote. Ila barua yako nilipoisoma niliruka chumbani mpaka wa chini wakagonga dari kwa ufagio. Naomba uniambie tena habari za yule mtoto aliyeomba mengine. Iandike yote, hata alivaa nini.

Sasa mimi.

Jumanne nilipewa kazi ya kuingiza karatasi kwenye kikao cha kamati. Sijui kwa nini Bi Ormerod alinichagua. Niliweka karatasi mbele ya kila kiti, nimeinamisha kichwa. Bata upande huu, Sungura upande ule. Sungura ni mtu mrefu mwenye masikio ambayo yanaeleza kila kitu. Mzee mmoja alikuwa anasoma taarifa ndefu, na chini ya meza nikaona mkono wa Bata unapeleka kikaratasi kwa jirani yake, naye akampa wa pili, kikazunguka mpaka kwa Sungura. Sungura akakisoma, akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akaletewa maji. Mzee akasema taarifa hii si ya kuchekesha. Nikatoka. Lililoamuliwa baadaye silijui.

Jumatano niliingia na karatasi yangu ya sentensi tatu. Bata alikuwa anakula mkate uliopakwa siagi kidogo sana. Nikafungua kinywa, hakikutoa kitu. Nikafungua karatasi, nikaona nimeishika juu chini. Basi nikaiweka tu mezani mbele yake.

Akaisoma. Akavua miwani.

"Wewe ndiye Tapscott."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Uliipata wapi 'Wako kama zamani'?"

"Kwenye faili, Mheshimiwa. Mwaka thelathini na nne."

"Faili!" akasema. "Miaka sita nasema sitamwandikia yule mtu neno moja jema, na neno jema lilikuwa kwenye kabati langu mwenyewe. Keti, mtoto wangu, utaanguka."

Nikaketi. Akaniambia barua yake ilikuwa ya ukali, na aliitunga makusudi iwe ya ukali. Mwisho wake ilisema: kama una la kuongeza, niandikie. Alikuwa na maana ya, usinisumbue. "Lakini chini ya 'Sungura mpendwa,'" akasema, "maneno yale yale yakawa mlango uliorudishwa tu, haukufungwa. Naye akaandika. Kurasa tano. Anasema alitaka kuniomba radhi siku ile ile ya Bungeni, akiwa bado na kofia mkononi. Kesho yake akapokea barua yangu isiyo na salamu, akaona siihitaji radhi yake. Miaka sita, Tapscott, kwa sababu ya nafasi nyeupe ya upana wa kidole."

Kumbe ile sauti ya Jumatatu, Hester, hakuwa na mafua wala hasira.

Nikauliza kama nimefukuzwa. Akasema nimefanya kosa kubwa sana, kwamba mtu hatii neno kwenye barua ya waziri hata ikiungua moto, na kwamba nikirudia atanirudisha kwenye glavu zangu yeye mwenyewe. (Habari za glavu nilikuwa nimeziandika kwenye sentensi ya pili.) Kisha akainama mezani, akateremsha sauti.

"Sasa nina ombi. Sungura asijue. Yeye anaamini mimi ndiye niliyeanza. Hajawahi kukubali kwamba nimeanza jambo lolote jema tangu tukiwa na miaka tisa. Niachie hili."

Nikaapa.

Ningeishia hapa, lakini Ijumaa Sungura alikuja mwenyewe ofisini kwetu. Alikuwa na kitu kimefungwa kwa karatasi laini kama vito. Kilikuwa kitunguu. Kitunguu kizima, Hester, na hapa London hatujaonja kitunguu tangu kabla ya Krismasi. Wasichana walisimama kama mtu ameleta taji. Alikuwa amemletea Bata.

Bata alikuwa kwenye simu, kwa hiyo Sungura akangoja karibu na meza yangu, mikono nyuma, akisoma vibandiko vya mafaili nilivyoviandika wiki ile. Alisoma kimoja, akarudi akakisoma tena. Akaniinamia.

"Mwandiko wa mviringo kama mayai," akanong'ona. "Ni wako huu?"

Nadhani masikio yangu yalijibu.

"Usiogope. Nilijua tangu nilipoifungua barua. Miaka mitano shuleni nilinakili hesabu za Bata kila asubuhi. Mwandiko wake ni kama kuku aliyetumbukia katika wino, ningeutambua gizani. Lakini nikajiambia, hata kama si mkono wake, ni mkono wa mtu aliyetaka tupatane. Ungekuwa wewe, ungekataa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi nakuomba jambo. Asijue kwamba najua. Anafurahi mno kudhani nimeamini. Ni mara yake ya kwanza kunishinda kwa mzaha, na anastahili."

Nikaapa tena. Mlango ukafunguka, Bata akatoka, akakiona kitunguu. Walitazamana, mmoja mfupi mmoja mrefu, na hakuna aliyesema neno la maana. Bata alisema, "Umezeeka." Sungura akasema, "Wewe umenenepa." Wakaingia, na mlango haukufungwa. Tuliwasikia wakicheka mpaka saa ya chai. Jioni Bata alikata kitunguu kwa kisu cha barua, akatugawia wapiga taipu wote. Mimi nilipewa kipande cha katikati. Bi Ormerod alikula chake kibichi, pole pole, amefumba macho, akasema, "Tapscott, kesho nitakuonyesha namna ya kutunza faili za siri. Nadhani zinakufaa."

Ubao wa hali ya hewa unasema "Jua." Nilipanda juu kuhakikisha. Mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna aliyeubadilisha.

Basi unaona nilipo, Dada. Bata ana siri, Sungura asijue. Sungura ana siri, Bata asijue. Katika serikali nzima ninayezijua zote mbili ni mimi, niliyekuwa siwezi kurudisha soksi dukani. Nimezibeba siku mbili, nikaona nikizibeba peke yangu nitapasuka kwa furaha, kwa hiyo nimekupa wewe.

Zishike. Usimwambie Mama, maana Jumapili inayofuata zitasomwa kanisani pamoja na matangazo. Usimwambie Bwana Gwilliam, hata akipatana na jirani yake akakuuliza watu hupatanaje. Na tafadhali, Hester, nakuomba kwa dhati, safari hii usimwambie hata Petronella.

Wako kama zamani,
Muriel